Buluu Iliyotambaa Sakafuni

Harufu ya simiti mbichi hunipandisha hasira. Wengine wakiisikia hukumbuka nyumba mpya, maendeleo, mjomba aliyeanza kujenga kwao. Mimi mkono wangu hutafuta kola ya mtu. Na ninaishi mtaa wa Kware, mahali ambapo kila kona kuna gorofa linaloota, kwa hivyo fikiria mwenyewe nina siku ngapi za amani. Jumapili iliyopita niliingia kanisani na binti yangu Nafula mgongoni, nikakuta mifuko ya simiti imepangwa chini ya dirisha la mashariki na kufunikwa turubai kama maiti. Sikuhitaji kungoja matangazo. Nilijua wamerudi kumalizia kazi waliyoianza nikiwa mtoto.

Wacha nianzie nyuma, maana wengi wa rika langu mliokulia huku mnalikumbuka hilo dirisha, ila mlidhani ni pambo.

Kanisa letu ni dogo, na ni la zamani kuliko kila kitu kilicholizunguka. Mawe yake yalichimbwa hapa hapa, enzi ambazo huku kulikuwa machimbo na nyasi tu, na aliyelijenga alikuwa mzungu msimamizi wa wachimbaji. Ndani kuna vitu vya kale ambavyo hakuna anayeviangalia: birika la ubatizo la jiwe lenye ufa, mimbari ya mbao ambayo padri haipandi kwa kuogopa mchwa, kengele yenye sauti ya sufuria. Na kuna dirisha. Limechorwa kwa vioo vya rangi, Bikira Maria akiwa amembeba mtoto, maua mekundu miguuni, na joho lake ni buluu nzito, ile ya kufulia mashati meupe ya shule kabla hujaichanganya na maji. Chini yake kuna kibao cha shaba chenye maandishi ya Kizungu. Nilipojua kusoma niliyasoma. Dirisha lote liliwekwa kwa kumbukumbu ya binti wa yule msimamizi, Edith, aliyekufa akiwa mchanga. Wazazi wakamwekea kioo, kisha wakaenda kwao wakamwacha.

Mama yangu alijua habari za Edith kabla yangu. Alimwomba mtu amsomee kile kibao mwaka ule aliporudi kutoka hospitali mikono mitupu.

Nilikuwa ndiyo nimeanza shule. Mama alikuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha ndoo za plastiki huko Industrial Area, anaenda kwa miguu na tumbo lake, anarudi kwa miguu na tumbo lake. Baba alikuwa Mombasa kikazi, na hiyo kazi haijaisha mpaka leo. Siku mama alipopelekwa kujifungua mvua ilinyesha mpaka choo cha ploti yetu ya vyumba vya kupanga kikafurika, na jirani akaniletea habari kwamba nimepata mdogo wangu, msichana, na mama amemwita Nafula, kama wanavyowaita kwetu Bungoma watoto wa mvua. Nilifua fulana yangu iliyonibana nimpe. Ilikuwa bado haijakauka mama aliporudi. Alikuwa amekunja ile leso ya kubebea mtoto, imenyooka kama imetoka dukani. Hakuna aliyeniambia kitu. Watu wazima wa ploti waliongea kwa macho juu ya kichwa changu, mmoja akanipa mandazi, na mtoto akipewa mandazi na mtu asiyempenda anajua kuna jambo.

Niliyoyajua baadaye nitayasema sasa, yasinisumbue katikati ya hadithi. Nafula aliachwa hospitalini azikwe na jiji, kwa sababu hatukuwa na uwezo wa kumsafirisha nyumbani. Hatukuambiwa ni wapi alipolazwa. Na ilipofika Novemba, mwezi ambao majina ya marehemu husomwa misani, mama alimpelekea katekista jina la mtoto, akajibiwa kwamba asiyebatizwa hasomwi. Alienda akakaa chini ya dirisha la Edith, na kuanzia hapo hakukaa mahali pengine.

Sasa ninyi mliokuwa mkija misa ya kwanza ya asubuhi mnajua ilivyokuwa kabla ya gorofa. Jua likichomoza upande wa mtaa wa Fedha lilipiga lile dirisha moja kwa moja, na rangi zikaanguka ndani. Nyekundu na kijani zilitawanyika juu ya vichwa vya watu, lakini buluu ilianguka sakafuni, kipande kizima, upande wa pili kabisa walikokaa wanaume. Kisha jua lilivyopanda, buluu ilianza safari. Wakati wa masomo ilikuwa imefika njia ya katikati. Wakati wa sadaka ilikuwa inapita chini ya benchi la mbele yetu. Mama alikuwa ametandika ile leso sakafuni karibu na miguu yake, pale ukutani, na buluu ilipofika juu ya leso aliinama kama mtu anayefunga kiatu, akaweka kiganja juu yake. Aliinuka macho yakiwa makavu. Mama yangu halii mbele ya watu.

Mimi nilitazama yote haya kwa akili niliyokuwa nayo, na sikuwa mjinga. Nilijumlisha. Mtoto alienda hospitali na hakurudi. Mama hamtafuti, kwa hivyo anajua aliko. Kila Jumapili anatandika leso ya mtoto sakafuni, na kitu kinakuja polepole mpaka juu yake, na mama anakishika. Sasa hicho ni nini kama si Nafula? Niliamua kwamba mdogo wangu anakaa kanisani, analelewa na yule mama wa kwenye kioo ambaye tayari alikuwa na mmoja na ameonekana anajua kazi, na Jumapili anashushwa chini atambae mpaka kwetu. Na ushahidi ulikuwepo. Miezi ilivyopita ile buluu haikufuata njia moja. Mara ilipitia karibu na altare, mara ilirudi upande wa mlango. Nikasema ndiyo hivyo, anakua, anaanza kuwa mtundu.

Nilimlinda. Msichana mmoja aliikanyaga buluu na viatu vya matope nikamfinya, akapiga kelele wakati wa mageuzo ya mkate na divai, kanisa zima likageuka. Mama alinipiga jicho ambalo nilijua litamaliziwa nyumbani. Sikujali. Ningemfinya tena.

Kando ya kanisa, upande wa jua, kulikuwa na shamba dogo la sukuma wiki. Mwenyekiti wa baraza la parokia alilinunua. Sitamtaja jina, kwanza amekufa, pili jina lake mtalisoma kwa lazima nikishindwa, kama nitakavyoeleza. Sisi tulimwita Mwenyekiti tu. Alikuwa mtu wa suti ya kijivu na sauti ya polepole, anayekusalimia akiangalia aliye nyuma yako. Alisimama kwenye matangazo akaomba maombi kwa ajili ya mradi wake. Padri akatoka na maji ya baraka kunyunyizia msingi, na sisi watoto tukapangwa tuimbe. Niliimba kwa nguvu. Nilipewa na mshumaa nishike. Gorofa lile lilipewa jina Neema.

Basi ikaanza ile harufu. Simiti ilikorogwa kutwa, vumbi likaingia mpaka kwenye kikombe cha divai, na kila walipomwaga slabu mpya ya sakafu ya juu kitu kilitokea ndani ya kanisa ambacho ni mimi na mama tu tuliokiona. Buluu ilianza kuchelewa. Haikuanguka tena upande wa wanaume. Ilianzia njia ya katikati, kisha baada ya slabu nyingine ikaanzia benchi la mbele yetu, kisha ikawa inatokea hapo hapo miguuni petu, nyembamba, na inapotea kabla ya komunyo. Sikuiunganisha na gorofa. Mtoto wa umri ule hajui kwamba jua linaweza kujengewa. Nilichoona ni mtoto aliyekuwa akitambaa kutoka ng'ambo ya kanisa, sasa hawezi. Na kwenye ploti yetu kulikuwa na mtoto wa jirani aliyekuwa ameacha kutambaa vivyo hivyo, na nilisikia mama yake akiambiwa hashibi, apewe maziwa.

Nikampelekea maziwa. Niliyapunguza kidogo kidogo yale ya chai nyumbani nikayatia kwenye chupa ya dawa ya kikohozi, na Jumamosi wakati kanisa li tupu nikaingia nikamwagia pale sakafuni palipokuwa pake. Wiki ya pili pakaanza kunuka. Wiki ya tatu Mama Kamene akanishika. Mama Kamene ndiye aliyekuwa akifagia kanisa, mwanamke wa Machakos mwenye mikono mikubwa na maneno machache, na nilidhani nimekwisha. Akaniuliza ninafanya nini. Nikamwambia ninamlisha Nafula. Akaitazama ile chupa, akanitazama mimi, akaupanguza mdomo wangu kwa kanga yake ingawa haukuwa na kitu. Kisha akanishika mkono tukatembea mpaka nyumbani. Alimweleza mama mlangoni, kwa sauti ya chini, akaenda zake.

Mama alikaa kitandani akaniambia nikae. Nilingoja kofi.

"Nafula hayuko pale," akasema.

Nikamuuliza yuko wapi.

"Sijui walimweka wapi. Ndiyo maana nikamtafutia pale." Aliendelea kama anayeongea na sufuria zilizokuwa mezani. "Yule wa wazungu amekaa peke yake miaka yote, wenyewe hawajarudi hata kumpangusa vumbi. Nikasema wakae wawili. Hakuna aliyenipa ruhusa na sikuomba."

Nilikuwa na swali moja tu. Kama si yeye, mbona anarudi nyuma? Mama akanitoa nje, tukapanda mpaka pale barabarani ambapo kanisa linaonekana, akanionyesha kwa kidole lile gorofa lililozungushiwa miti ya kujengea, limesimama kati ya kanisa na jua.

"Harudi nyuma yeye," akasema. "Ni yule anayepanda."

Nimesoma mpaka kidato cha nne na sijafundishwa jiografia kwa ufupi namna hiyo.

Jumapili iliyofuata Mwenyekiti alisimama kwenye matangazo kushukuru kwa ajili ya slabu, akaomba makofi kwa Mungu. Makofi yalipotulia mama akasimama. Hakuinua mkono, hakungoja kuitwa. Alisema kwamba dirisha la mashariki linakufa na kila mtu analiona, na anaomba gorofa liishie hapo lilipofika. Watu wakajigeuza kwenye mabenchi kama wanaofurahia balaa la mwingine.

Mwenyekiti alicheka kidogo, akamwita mama kwa jina langu. "Mama Nekesa, jua ni la Mungu. Halina mwenyewe wala hati."

"Kama ni la Mungu," mama akasema, "wewe umelijengea ukuta kwa ruhusa ya nani?"

Kuna watu walicheka nyuma, na hicho kicheko ndicho kilichotuponza. Mwenyekiti angeweza kusamehe swali, hakuweza kusamehe kuchekwa. Akasema kanisa si soko, na mama huyu afundishwe adabu na wenzake. Wenzake walikuwa kikundi cha akina mama, wale wa vitambaa vya kichwa vya rangi moja. Walikuja kwetu wakajaa kwenye kile chumba mpaka wengine wakakaa juu ya debe la maji, wakala chapati zetu, wakamwambia aombe msamaha. Alisema ataomba jua likirudi. Wakamwambia basi arudishe kitambaa cha kikundi. Alikifua, akakipiga pasi, akanituma nikipeleke, na nilipokuwa ninatoka akaniambia nisikimbie, nitembee kama mtu aliyetumwa kitu cha maana.

Gorofa lilipanda mpaka likachoka. Buluu ikafa. Joho la Maria likageuka jeusi kama masizi, na mtoto aliyembeba hukumwona tena uso. Mama aliendelea kutandika leso sakafuni, juu ya simiti tupu, na watu waliinua shingo kumwangalia. Wengine walimwita yule wa leso. Nilimwonea haya, halafu nikajionea haya mwenyewe, halafu nikaamua kumchukia Mwenyekiti kwa ajili ya zote mbili.

Sasa sikilizeni alichofanya mama. Neema ilipoanza kupangishwa, vyumba vya upande wa barabara vilikwisha haraka. Vya upande wa kanisa havikupata mtu. Ungefungua dirisha, na mbele ya pua yako, mkono mmoja tu mbele, kuna wavu wa chuma na nyuma yake kioo kichafu cha kanisa. Giza asubuhi, giza mchana. Msimamizi wa ploti alikuwa akiomba watu waingie. Mama akaenda akachukua kile cha gorofa ya pili, kinachotazamana uso kwa uso na Bikira Maria.

Nilidhani ameshindwa. Mtaa wote ulidhani hivyo. Akina mama wa vitambaa walisema ameenda kulala kwa mtu aliyempiga. Nilibeba jiko kwenye yale matope tukihama na sikumsemesha njia nzima, na tulipoingia ndani nilikaa kwenye kona nikageuzia ukuta uso. Chumba kilikuwa kama sufuria iliyofunikwa. Kilinuka ile simiti. Tulikuwa tumeingia kuishi ndani ya kitu kilichomuua Nafula mara ya pili, na ni mama aliyelipia funguo.

Ilikuwa jioni, wiki ya kwanza hiyo, stima zikapotea. Zilipotea Neema yote, zikapotea Kware, watu wakapiga ule mluzi wa pamoja. Lakini kanisani kwaya ilikuwa ikifanya mazoezi ya Pasaka, na kanisa lilikuwa na jenereta. Tukaisikia ikikohoa, ikashika. Taa zao zikawaka, zile kubwa za ukutani. Na dirisha, lililokuwa limezoea kuingiza rangi kanisani, likazitoa. Zilipita kwenye wavu, zikapita kwenye dirisha letu, zikaingia kwetu. Hazikuwa kali kama za jua. Zilikuwa hafifu, kama chai ya rangi iliyoongezwa maji ili itoshe wageni. Nyekundu ilikaa kwenye debe la maji. Kijani kikapanda mlangoni. Buluu ikaanguka kitandani kwetu, katikati ya blanketi.

Mama alikuwa anamenya viazi. Aliweka kisu chini. Alifungua sanduku, akatoa leso, akaitandika kitandani palepale, akainyoosha pembe.

Nikasahau kwamba simsemeshi. "Mama," nikasema, "ametambaa mpaka huku."

Akacheka. Tangu atoke hospitali sikuwa nimemsikia akicheka, na kilikuwa kicheko cha sauti, cha mtu aliyemshinda mtu. "Ukuta amejenga yeye," akasema. "Taa wanawasha wao. Na mtoto ni wangu."

Ndivyo nilivyokua. Nilisoma kwa mwanga wa Bikira Maria, masomo ya hesabu juu ya buluu na ya Kiswahili juu ya nyekundu, na stima zilipopotea sisi tu ndio tulikuwa na taa gorofa zima. Watoto wa jirani walikuja kukaa sakafuni wakaiita sinema. Ninalijua lile dirisha kwa mgongo wake kuliko yeyote aliyepiga magoti mbele yake. Ninajua madini ya risasi yaliyounganisha vioo yalivyovimba, ninajua alama ya kidole gumba ya fundi iliyokaukia kwenye lami ya kuzibia vioo pembeni, ninajua shomoro waliozaana ndani ya wavu. Kisha wakaanza kuja wanawake. Wa kwanza alikuwa Mama Kamene. Alikuja na sukari, akakaa mpaka kwaya ikaanza na taa zikawashwa, kisha akaweka kile kiganja chake kikubwa kwenye buluu, kitandani kwetu, akakiacha hapo. Ndipo nilipojua kwa nini hakunichapa. Wakaja wengine, hata wawili wa vitambaa. Hakuna aliyeeleza na hakuna aliyeulizwa. Wote walikuwa na mtoto ambaye hakusomwa.

Mimi mwenyewe sasa ni mama. Baba wa mtoto ni habari nyingine na hastahili karatasi. Nilipomwita binti yangu Nafula, shangazi zangu walipiga simu kutoka Bungoma kunionya kwamba jina la kichanga aliyekufa halipewi mtu. Nikawaambia hilo jina halijatumika, ni jipya kabisa. Mama alienda kwenye sanduku akaileta leso. Tunaishi watatu mle mle, Neema, gorofa ya pili. Na ubatizo wa Nafula umesogezwa, ukasogezwa tena, kwa sababu kuna mahali pa kujaza jina la baba na mimi nimepaacha wazi. Kwa hivyo akifa leo, Mungu apishe mbali, hata yeye hatasomwa. Miaka yote hiyo, na sheria ni ile ile, imebadilisha tu katekista.

Jumapili iliyopita katibu wa baraza alitangaza niliyokwisha kuyaona chini ya turubai. Kwamba marehemu Mwenyekiti alikuwa mfadhili, kwamba familia yake na baraza wamekubaliana kumwekea kumbukumbu ya marumaru yenye picha yake. Kwamba dirisha la mashariki litang'olewa na tundu lizibwe, marumaru ikae hapo, kwa sababu dirisha lenyewe halitumiki na haliingizi mwanga.

Nilisimama. Nafula alikuwa ameanza kulia, nikasimama naye hivyo hivyo.

"Mlilizibia jua ninyi," nikasema, "halafu mnaliua kwa kosa la kutotoa mwanga."

Katibu akaniomba niketi, tutaongea baada ya misa. Nikamwambia mama yangu aliambiwa hivyo hivyo, na baada ya misa haijafika mpaka leo. Nikamwambia linatumika, waje kwetu Neema waulize nani analitumia, ila wavue viatu mlangoni. Mtu akaguna. Mbele kabisa nikamwona Mama Kamene, ambaye siku hizi anatembelea mkongojo, akijiinua polepole kwenye benchi. Alisimama tu, akageuka, akawatazama. Wengine wawili wakasimama. Katibu akatazama karatasi yake akaendelea na tangazo la harusi.

Jana jioni mlango ukabishwa. Alikuwa fundi, mtu wa makamo mwenye heshima zake, na nyuma yake kamba na ngazi. Akaeleza kwamba vile vioo vimefungwa kwa nje, na wavu umekazwa kwa nje, na kichochoro chini kimezibwa na matangi ya maji ya Neema. Hawezi kulifikia dirisha isipokuwa akitokea kwenye dirisha letu. Alikuwa ametumwa aanze na wavu. Nilimsikiliza mpaka mwisho kwa sababu nilitaka kulisikia vizuri. Gorofa lililozuia jua ndilo lililozuia ngazi, na njia iliyobaki ilipitia kwetu.

Nikamwambia haiwezekani, kuna mtoto.

Fundi akachungulia. Kwaya ilikuwa imeanza, taa za kanisa zilikuwa zimewaka, na balbu yetu nilikuwa nimeizima. Mama alikuwa ameketi sakafuni, miguu ameinyoosha, leso imetandikwa mbele yake. Nafula alikuwa upande wa mlangoni, juu ya magoti na viganja, tumbo limeinuka, anayumbayumba kama anayefikiria. Wiki nzima alikuwa amefika hapo na kuanguka. Kisha akatoa mkono mmoja mbele, akatoa goti, akaanza kuelekea kwenye buluu.

"Si umbebe tu, mama," fundi akasema kwa upole, "nipite mara moja."

"Simbebi," nikamwambia. "Anatambaa."

Nikafunga komeo.